Polisi wa Kingo Mbili

Mama yake Valentina alikuwa ameshapotea mara kadhaa kabla ya siku ile, na kila alipopotea, Duane Sather ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Duane alikuwa sajenti katika kituo cha polisi cha Kelling, mji mdogo wa Amerika ulioko kaskazini mwa Champlin, pale mto Mississippi unapozuiwa na bwawa la zamani na kutulia kama ziwa. Kituo chenyewe kilikuwa chumba nyuma ya maktaba, na askari wake wote wangeweza kula meza moja. Mara ya kwanza alipomkuta Ma Laurencia, bibi huyo alikuwa amesimama katikati ya barabara, amejifunga kitenge juu ya koti la mkwewe. Alimtazama Duane usoni, akamwambia kwa Kiswahili, "Martin, mbona umechelewa hivyo? Chakula kimepoa."

Duane hakuelewa neno hata moja isipokuwa hilo jina. Akafungua mlango wa gari. Ma Laurencia akapanda, akakaa kama mama anayeendeshwa na mwanawe, akamgombeza njia nzima.

Walipofika nyumbani Duane alimuuliza Valentina, "Martin ni nani?"

"Kaka yangu. Alifariki, kwetu Bukoba." Valentina alikuwa akimfuta mama yake theluji mabegani. "Kaka zangu wote walifariki. Lakini mama anamtafuta huyo mmoja tu, sijui kwa nini."

Duane alivua kofia yake, akaishika mkononi kwa muda. Kisha akasema, "Basi nitakuwa Martin. Kwangu haina shida."

Tangu siku hiyo akawa Martin. Ma Laurencia akitoka na kutangatanga, watu wa Kelling walikuwa wakipiga simu kituoni: mama wa Valentina yuko mbele ya duka la dawa, mama wa Valentina amekaa kanisani peke yake. Duane anakwenda, anapiga honi kidogo, mama anapanda. Alijifunza hata kuinamisha kichwa akigombezwa, kwa sababu aliona kwamba hivyo ndivyo bibi alivyotaka.

Valentina alikuwa amemleta mama yake Amerika baada ya msiba wa mwisho. Miaka ile maradhi yalikuwa yamepita Kagera kama moto wa nyasi. Nyumba ambazo zamani zilijaa vijana zikabaki na vikongwe na migomba. Yeye alikuwa mtoto wa mwisho, na ndiye peke yake aliyesalia. Alikuwa anasoma afya ya jamii chuo kikuu, Minneapolis, na mumewe Peter alikuwa akifanya utafiti wa udongo upande wa Saint Paul. Walipomleta mama walidhani kinachomsumbua ni huzuni. Kumbe ilikuwa huzuni, na ugonjwa wa kusahau uliokuwa umejificha nyuma yake.

Jirani yao wa ghorofa ya chini, Peris, Mkenya kutoka Kisii, aliwasaidia sana. Peris alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na asubuhi zile Valentina alizokuwa na darasa, alipanda juu kukaa na Ma Laurencia. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu. Ma Laurencia alimpenda, ingawa alikuwa akimwita "yule msichana wa mjini."

Ndipo ilipokuja habari ya kuunganisha polisi.

Miji ilikuwa mitatu: Kelling na Saint Odile upande huu wa mto, na Norby ng'ambo. Kila mmoja ulikuwa na polisi wake wachache, magari yake mabovu na redio zake. Madiwani wakasema huo ni ubadhirifu; tufanye jeshi moja la kanda, mkuu mmoja, chumba kimoja cha kupokelea simu. Ukafanyika mkutano katika ukumbi wa michezo wa shule. Valentina alikwenda, akakaa nyuma kabisa, maana hakuwa raia wala hakuwa na kura. Mkuu mpya, bwana mrefu aitwaye Hagen, alieleza kwa sauti ya upole. Alisema kuanzia mwaka mpya askari watazungushwa, asiwepo anayeota mizizi mahali pamoja. Kila askari atakuwa wa kila mji.

Mwisho wakaruhusu maswali. Valentina akajikuta amesimama.

"Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau," alisema. "Hajui Kiingereza. Sajenti Sather anamfahamu. Sasa akipotea, nani atamfahamu?"

Watu wengine walitabasamu. Si kwa ubaya. Walikuwa wanamjua Ma Laurencia.

"Piga tu nambari ya dharura, bibie," Hagen akajibu. "Kesho utakuwa na askari wengi zaidi wa kumtafuta mama yako kuliko ulio nao leo. Hiyo ndiyo faida yenyewe."

Watu wakapiga makofi. Valentina akakaa.

Mwaka mpya ulipoingia, Duane alipangiwa Norby. Alipita kuaga, akasimama mlangoni na buti zake zilizojaa theluji. "Ni hapo ng'ambo tu," alisema. "Ukisimama dirishani kwako unaona taa zetu. Lakini wametuambia kila mtu abaki katika eneo lake. Hawataki tuingiliane." Ma Laurencia alimpangusa koti, akamwambia asichelewe kula.

*

Ilikuwa Februari, siku ya jua kali lisilo na joto. Valentina alishuka kwenye basi, akatembea hadi nyumbani, na kabla hajafika juu aliona mlango wa ghorofa yao uko wazi. Hewa ya baridi ilikuwa ikiingia na kutoka kama mtu mwenye nyumba.

Ndani, Peris alikuwa amelala kwenye kochi. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, viatu vya kazi bado miguuni.

"Peris! Mama yuko wapi?"

Peris aliruka. Alitazama kiti cha Ma Laurencia, akatazama mlango, akatia mikono kichwani. "Woi! Valentina, woi! Alikuwa hapa. Alikuwa hapa ananiambia habari za ng'ombe."

"Umelala!"

"Nilifanya shifti mbili, mwenzangu hakuja kazini. Nilifumba macho kidogo tu, Valentina, haki ya Mungu, kidogo tu."

Valentina alimpita. Alikuwa ameshaona kwamba koti la mama lilikuwa limetundikwa mahali pake. Koti la Peter halikuwepo. Viatu vya theluji vilikuwepo. Zile ndala za manyoya za kuvaa ndani ndizo zilizokosekana. Chakula cha mchana, ndizi na maharage, kilikuwa kimepakuliwa kwenye sahani mbili na kufunikwa vizuri.

Alipiga simu kituo cha Kelling, ile nambari ya zamani aliyoijua kwa moyo. Ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Akapiga nambari ya dharura. Sauti ya mwanamke ikajibu, ikauliza mahali.

"Second Street, jengo la matofali karibu na mto. Mama yangu ametoka na hana viatu."

"Umri wake?"

"Anakaribia themanini. Tafadhali, fanyeni haraka. Mpigieni Sajenti Sather, yeye anamjua."

"Sajenti Sather yuko eneo lingine, bibie. Nakutumia gari lililo karibu."

Hilo gari halikuja. Valentina na Peris walizunguka jengo, wakaita, wakaingia duka la dawa, wakaingia kanisani, wakatazama chini ya viti. Valentina akarudi mbio kupiga simu tena, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba gari lilikuwa limekwenda Second Street ya Saint Odile. Miji yote mitatu ilikuwa na Second Street. Zamani jambo hilo halikumsumbua mtu.

Askari alipofika hatimaye, alikuwa kijana ambaye hajawahi kufanya kazi Kelling. Aliuliza maktaba iko wapi. Aliuliza bibi alikuwa na desturi ya kwenda wapi. Aliuliza kama kulikuwa na ugomvi wowote nyumbani, na wakati anauliza hilo alimtazama Peris, ambaye alikuwa analia kwa sauti.

"Hakuna ugomvi," Valentina alisema. "Ni mgonjwa. Anamtafuta mtoto wake. Ukimwona mwambie wewe ni Martin, atakuja."

"Nimwambie mimi ni nani?"

"Martin! Sema Martin tu!"

Yule kijana akaitikia kwa kichwa, lakini ilionekana wazi kwamba hakulichukua neno hilo.

Peris ndiye aliyeona nyayo. Zilianzia nyuma ya jengo, pale pa kutupia taka, ambapo hakuna mtu aliyetembea tangu theluji ianguke. Nyayo fupi, za kuburuta. Zilipita kati ya miti, zikateremka mteremko, zikafika mtoni. Hapo theluji ilikwisha. Upepo ulikuwa umeufagia mto, umebaki barafu tupu, nyeusi mahali pengine na nyeupe mahali pengine, hadi ng'ambo. Na mbali, kupita vile vibanda vya mbao vya watu wanaovua samaki kwenye matundu ya barafu, kulikuwa na kitu kidogo cha rangi ya waridi.

Valentina alijua ni nini kabla macho yake hayajatulia. Alianza kukimbia. Yule askari alimkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye theluji.

"Niache! Ni ndala ya mama yangu!"

"Huwezi kwenda! Kule katikati kuna sehemu maji yanapita, barafu ni nyembamba! Bibie! Nisikilize!"

Akamshikilia pale chini, huku akiita kwenye redio yake kwa mkono mwingine.

*

Walikuja wengi, kama Hagen alivyoahidi. Yakaja magari ya polisi kutoka Saint Odile, yakaja magari ya zimamoto, ikaja mashua ya bati inayoburutwa juu ya barafu. Watu wa mji walikusanyika mteremkoni. Wavuvi waliulizwa, mmoja alikuwa amesinzia karibu na jiko lake, mwingine alikuwa ametoka kwenda kula. Hakuna aliyeona kitu. Mtu wa zimamoto alitambaa kwa tumbo akaileta ndala. Valentina aliipokea, akaiweka ndani ya koti lake, kwenye kifua, kana kwamba ingepata baridi.

Hagen alifika mwenyewe. Alimshika Valentina bega, akamwambia wanafanya kila linalowezekana.

"Labda amevuka," Valentina alisema. "Kwetu anatembea sana. Labda yuko ng'ambo. Mmeuliza ng'ambo?"

"Umri ule, na viatu vile?" Hagen alitikisa kichwa polepole. "Angekuwa amevuka tungeshapata habari. Norby nako ni kwetu. Sisi sote ni polisi mmoja sasa."

"Lakini mmeuliza?"

"Ingefika kwangu," alisema Hagen. Hakusema kwa kiburi, aliamini kweli. Akageuka kwenda kuzungumza na watu wa mashua.

Wakaanza kukata barafu pale karibu na ndala ilipookotwa. Mlio wa msumeno ulikuwa kama mnyama anayechinjwa vibaya. Peris alikuwa amepiga magoti kwenye theluji na suruali yake nyepesi ya kazini, anasali kwa Kikisii. Valentina alimsikia, na ndani yake kikapanda kitu cheusi. Akaenda akasimama juu yake.

"Ondoka," alisema.

"Valentina, dada..."

"Usiniite dada. Kama ulikuwa umechoka ungeniambia! Ningekosa darasa, ningekosa hata mwaka! Ondoka hapa usiniletee sala zako."

Peris aliinuka. Hakuondoka, alisogea tu nyuma ya umati, akasimama huko peke yake.

Peter alifika kwa basi wakati jua limeanza kuinama. Alikuwa amepewa ujumbe na karani wa idara yao, ujumbe nusu nusu, kwamba kuna ajali mtoni. Aliona magari, akaona shimo kwenye barafu, akamwona mkewe ameshikilia kifua. Akamkumbatia kwa nyuma. Alikuwa mtu wa taratibu, aliyelelewa na bibi yake, na alijua jinsi ya kupokea msiba.

"Tumpigie Padre," alimnong'oneza. "Na watu wa kwetu wanaoishi Brooklyn Park. Hatuwezi kuwa peke yetu."

Valentina alijitoa mikononi mwake. "Usimzike mama yangu nikiwa nimesimama hapa."

"Vale, tazama lile shimo. Tazama baridi hii."

"Nimeitazama tangu mchana! Wewe ndiyo kwanza umekuja!"

Mzamiaji mmoja alikuwa majini, amefungwa kamba. Ghafla kamba ilitikiswa. Watu wa juu wakaanza kuvuta, na pamoja na mzamiaji kikatokea kitu cheusi, kirefu, kizito, kinachochuruzika maji. Mwanamke mmoja katika umati akapiga kelele. Valentina hakupiga kelele. Alikaa tu chini kwenye theluji, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa Kihaya maneno ambayo mama yake alikuwa akiyasema kila jeneza la mtoto wake liliposhushwa.

Kilikuwa turubai. Turubai la zamani la kibanda cha mvuvi, limejaa tope. Wakalitupa pembeni, mzamiaji akarudi chini.

Hapo tumaini halikurudi. Valentina alibaki ameketi pale pale, na alichokuwa akisubiri sasa kilikuwa maiti.

*

Gari la Duane Sather lilikuja kasi kutoka upande wa daraja, likasimama vibaya kando ya barabara. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alimpita Hagen bila kumsalimu, akateremka mteremko kwa kuteleza, akachuchumaa mbele ya Valentina.

"Yuko hai," alisema. "Valentina. Nisikilize. Mama yuko hai. Tunaye sisi."

Valentina alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. Peter ndiye aliyeuliza, "Nyie nani?"

"Sisi. Polisi. Tunaye tangu mchana."

Alieleza kwa sauti ya chini, maneno yakigongana. Mchana ule, Norby, mwenye nyumba mmoja kando ya mto alipiga simu kwamba kuna mwanamke anagonga mlango wake wa nyuma na kujaribu kuingia. Wakaenda vijana wawili. Wakamkuta bibi mweusi, mguu mmoja peku, anapiga kelele kwa lugha wasiyoijua. Walipomshika alimng'ata mmoja mkono. Wakamfunga pingu. Kwa kuwa hakusema jina wala chochote cha kueleweka, walimpeleka hospitali mjini, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Kwenye chumba cha simu waliandika: mvamizi, Norby. Na meza ya pili, chumba kile kile, walikuwa wameandika: mzee aliyepotea, Kelling.

"Nimetoka kubadilisha nguo sasa hivi," Duane alisema. "Wale vijana walikuwa wanacheka chumbani. Wanasema bibi alikuwa anamwita kila mmoja wao Martin."

Hagen alikuwa amesogea, amesikia. Uso wake ulikuwa umepauka. "Sather, kwa nini hukutoa taarifa mapema?"

Duane alisimama. Hakumtazama Hagen, alimtazama Valentina.

"Niliisikia simu ile redioni mchana. Bibi mzee, hajui Kiingereza. Nilimfikiria mama yako. Halafu nikajiambia haiwezekani, yuko Kelling, mto uko katikati. Na hatutakiwi kuulizia mambo ya eneo jingine. Nikanyamaza." Akajifuta pua kwa glovu. "Nilinyamaza mchana kutwa, Valentina."

Valentina alikuwa ameshasimama. "Nipeleke," alisema.

Kule kwenye barafu msumeno ulikuwa bado unanguruma. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuwaambia waache.

*

Mlangoni pa chumba cha hospitali kulikuwa na askari amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa bendeji. Alisema hakuna ruhusa. Mgonjwa anatuhumiwa kumshambulia askari. Duane alimwinamia, akamwambia kitu sikioni. Yule askari aliinuka akaondoka bila kutazama nyuma.

Ma Laurencia alikuwa amefungwa kitandani kwa mikanda, mikono na kifua. Walikuwa wamemchoma sindano ya kumtuliza. Miguu ilikuwa imeviringwa bendeji, mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Nywele zake, ambazo Valentina alizisuka kila Jumamosi, zilikuwa zimefumuka. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na alama za pingu, nyeusi na zilizovimba, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mama," Valentina alisema. "Mama, ni mimi. Nimekuja."

Mama alifungua macho. Aliyapitisha usoni mwa Valentina, usoni mwa Peter, yakafika kwa Duane, yakatulia hapo. Duane akasogea, akainamisha kichwa kama alivyozoea.

"Martin," alijitaja. "Ni mimi, Martin."

Kisha Ma Laurencia akasema, kwa sauti safi ambayo Valentina hakuwa ameisikia kwa miaka, "Martin amekufa."

Duane hakuelewa. Alimgeukia Valentina.

"Martin amekufa," mama alirudia. "Nimemtafuta nyumba hadi nyumba. Nimewauliza wanaume hawa wote, mmoja mmoja. Wamenifunga kamba. Mwanangu angekuwepo nisingefungwa kamba. Mbona hamkuniambia kwamba amekufa?"

Akalia. Alilia kilio cha msiba wa leo, cha mtu aliyepata habari sasa hivi, na mikono yake ikawa inavuta mikanda ili ajipige kifuani, ikashindwa. Valentina alihangaika na vifungo vile, kucha zikamkatika, akamwita muuguzi, akapiga kelele kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Muuguzi akasema hawezi kufungua bila daktari. Peter akatoka kumtafuta daktari. Duane alisimama ukutani amefunika uso kwa mikono miwili.

Walipofungua mikanda hatimaye, Ma Laurencia alikuwa amechoka. Valentina alipanda kitandani pamoja na viatu vyake, akalala nyuma ya mama yake, akamshikilia.

*

Vidole vya mguu mmoja vilikatwa. Mashtaka yakafutwa. Hagen alikuja nyumbani na maua, akakaa ukingoni mwa kochi, akasema amesikitika kuliko anavyoweza kueleza. Alisema kuanzia sasa meza zile mbili zitakuwa zinasomeana taarifa kila mara, na kwamba hilo limetokana na mama. Valentina alimtazama mpaka akaacha kusema. Hakumkaribisha chai. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila hata maji, lakini siku ile alimfungulia mlango tu.

Duane aliacha kazi kabla theluji haijayeyuka. Alipita mara moja, akabaki kwenye gari lake hapo nje kwa muda mrefu, Valentina akimwona kutoka dirishani. Alitaka kushuka amwite. Kabla hajaamua, gari likaondoka.

Na Ma Laurencia hakutoka tena. Hakukuwa tena na haja ya kumfungia mlango. Alikaa kwenye kiti chake ameupa mlango mgongo, hakumwita mtu, hakumgombeza mtu, na chakula alikila tu akilishwa. Kitu pekee kilichobaki na nguvu ndani yake kilikuwa hofu. Akiguswa mikono alipiga mayowe. Kumwogesha kukawa vita. Peter alipokuwepo walisaidiana, mmoja akimshika na mwingine akimmwagia maji, na wote wawili wakitoka humo wamelowa, hawatazamani. Peter alipokuwa chuoni, Valentina alijaribu peke yake. Siku moja mama aliteleza kwenye beseni la kuogea, wakaanguka pamoja, wakabaki pale sakafuni kwenye maji yanayopoa, Valentina hana nguvu ya kumwinua, mama anamlilia masikioni.

Jioni ile alishuka chini. Hakuwa amesema na Peris tangu mtoni. Walikuwa wakipishana kwenye ngazi kama watu wa majengo mawili, na Peris akiwahi kutazama chini.

Peris alifungua mlango akiwa na sare ya kazi, tayari kwa kutoka. Alikuwa amekonda. Alimwona Valentina, akashika kizingiti.

"Nilijua hutaki hata kuniona," alisema.

"Sitaki," Valentina alisema. "Nikikuona naona lile kochi. Sijui kama itaisha."

"Ni sawa. Haki yako."

"Lakini mama hajaoga siku nyingi. Ana kidonda mgongoni. Nimejaribu na siwezi kumwinua, Peris. Wewe unajua kumwinua mtu. Siwezi peke yangu. Siwezi."

Peris alivua saa yake, akavua na pete zake moja baada ya nyingine ili zisimkwaruze mgonjwa, akazitia mfukoni. Kisha akakunja mikono ya sare, akamfuata Valentina juu.